Neno Dogo la Mtukufu

Nchi ya Marejea haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akihisi kwamba aliwahi kuiona mahali, labda siku ile alipokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa, basi ajue macho yamemdanganya. Anywe maji, aendelee kusoma.

Katika nchi hiyo kufa hakukuwa mwisho wa mambo. Mtu akifa alikwenda Kizingitini, mlango wa jiwe uliochongwa ubavuni mwa mlima, juu kidogo ya mji mkuu. Huko ndani kulikuwa na benchi, na marehemu aliketi hapo siku saba akingoja. Mlango ulilindwa na mungu mmoja mkongwe, kipofu, jina lake Bawabu. Bawabu hakuona sura ya mtu wala hakujali cheo. Tangu dunia iumbwe alikuwa na swali moja tu: "Mnamjuaje?" Hapo aliye hai alisimama nje akasema neno dogo juu ya marehemu, yaani jambo la kweli, la mtu huyo peke yake, ambalo halijapata kusemwa mlangoni hapo. Kwamba alikuwa akilala na soksi mguu mmoja. Kwamba alikuwa akiwaomba radhi mbuzi anapowapita njiani. Neno likiwa la kweli, mlango ulifunguka na marehemu akatoka akijipangusa vumbi, akiuliza kama wamemwachia chakula. Neno moja lilifanya kazi mara moja tu. Na siku ya saba, jua likizama bila neno, aliyekuwa kwenye benchi aliinuka akaingia ndani zaidi, na huko hakuna aliyerudi kusimulia.

Kwa mpango huo, watu wa maisha marefu Marejea walikuwa wale wenye majirani wambea. Bi Kidawa, muuza vitumbua wa Mtaa wa Kinu, alikuwa amekufa mara kumi na moja, na kila mara mtaa ulikuwa na la kusema. Mara ya mwisho alirudishwa na hasimu wake wa miaka ishirini. Mwanamke huyo alipanda mlima kwa hasira, akasimama mlangoni, akasema, "Huyu akikoroga unga hutoa ulimi nje kama mbwa mwenye kiu." Mlango ulipofunguka akamwambia, "Haya, twende nyumbani. Hatujamaliza."

Uganga nao ulikwenda vivyo hivyo: kitu kilimtii anayekijua. Mfinyanzi alinong'ona, udongo ukasimama wenyewe ukawa mtungi. Fundi viatu alipiga mluzi, kiatu kikaja kikichechemea. Serikali ilipoona hivyo iliunda Wizara ya Uganga na kumpa waziri aliyesomea nchi tatu. Waziri huyo huletewa kijiko kila asubuhi mbele ya waandishi wa habari. Hukihutubia saa nzima, na mpaka leo kijiko ni kijiko.

Miungu walikuwa tisa hapo zamani. Wanane walihamishiwa katika jengo la ghorofa, kila mmoja na ofisi yake na mhuri wake, na wa kwanza kuomba likizo ya ugonjwa alikuwa mungu wa mvua. Bawabu peke yake hakuhamishika. Kila tarishi aliyetumwa kumpelekea barua ya uhamisho alifika nusu ya mlima, akakumbuka kwamba iko siku atakutana naye kwa shughuli nyingine, akarudi na barua yake.

*

Tatizo lilikuwa wakubwa. Wakubwa wa Marejea walikaa nyuma ya kuta ndefu na vioo vyeusi, hakuna aliyewajua, kwa hiyo walikuwa wakifa mara moja tu kama kuku. Ndipo ikaanzishwa Idara ya Wito. Kila mkubwa aliandika neno lake dogo mwenyewe, akalitia katika bahasha yenye lakiri, na siku ya kufa kwake mwitaji wa serikali aliifungua na kuisoma mlangoni kwa sauti ya kazi. Hata hivyo wengi walishindwa. Waziri wa Maji aliandika kwamba neno lake dogo ni kuchapa kazi bila kuchoka. Bawabu alisikiliza, akatema mate, na Waziri wa Maji yuko huko hadi leo.

Mshangama alikuwa Mwitaji wa Daraja la Tatu. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, ya kusikika hadi bondeni, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa amewarudisha watu mia mbili na wanne. Hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Walikuwa wakitoka, wanakaza tai, wanamwuliza gari liko wapi.

Kwa kuwa alibeba siri za wakubwa, kanuni za Idara zilimlinda asije akazimwaga. Mwitaji haruhusiwi kuoa. Haruhusiwi kuwa na rafiki, wala kukaa barazani kwa mtu, wala kuulizwa habari za nyumbani, wala kuzijibu. Nyumba yake ilikuwa njiani kuelekea Kizingitini, ina dirisha moja, na kwa mujibu wa kanuni ya kumi na sita ina kiti kimoja. Mkaguzi alikuja kila mwaka kuhesabu kiti.

Kitu pekee alichoruhusiwa kufanya na watu ni kununua chakula. Kwa hiyo kila alasiri Mshangama alishuka Mtaa wa Kinu kupanga foleni ya vitumbua vya Bi Kidawa. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walipiga soga: ng'ombe wa nani kala mchicha wa nani, na yule binti wa fundi saa kweli atamkubali yule kijana mwenye masikio. Mshangama alisimama kati yao, kimya kama kigingi. Alipofika mbele ya chuma cha vitumbua alijipapasa mifuko kama aliyesahau kitu, akasema, "Samahani," akarudi mwisho wa foleni. Pengine alifanya hivyo mara mbili, hata tatu. Mtaa mzima ulikubaliana kwamba ni bwana msahaulifu sana.

Mwishowe alinunua vitumbua viwili, akapanda mlima.

Hakuwa na mtu. Alijua kwamba siku akifa ataketi kwenye benchi siku saba, nje kutakuwa kimya, kisha atainuka. Yeye aliyewaita mia mbili na wanne hakuwa na wa kumwita. Ila mmoja, pengine. Na huyo mmoja hakuwa mtu wa kumtegemea, maana alikuwa Mtukufu mwenyewe.

*

Mtukufu alikuwa mtawala wa Marejea kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine walidhani ni jina la majira ya mwaka. Sheria yake ya kwanza ilikuwa Sheria ya Heshima, iliyokataza mtu yeyote kusema juu ya Mtukufu jambo lolote lisilomo katika Sifa Arobaini na Moja zilizoidhinishwa. Aliyejua la arobaini na mbili alinyongwa, na aliyelisikia alinyongwa jioni yake.

Sheria hiyo ilifanya kazi vizuri sana. Mama yake Mtukufu alipofariki, kijiji kizima kilikuwa na maneno madogo yake, ya kumrudisha mara mia. Lakini kumsema mama wa Mtukufu ni kumsema Mtukufu. Kwa hiyo siku ya saba wanakijiji wote walisimama Kizingitini na midomo imefungwa, wakitazamana, huku wakilia. Mtukufu mwenyewe hakwenda, kwa kuwa itifaki haikumruhusu mkuu wa nchi kusimama mlangoni pa mtu akiomba. Alimtuma waziri na hotuba. Jua likazama hotuba ikiwa ukurasa wa tisa.

Mwaka mmoja baada ya hapo, miaka ishirini na sita iliyopita, Mshangama aliitwa Ikulu kupimwa sauti. Akapotea katika korido, akafungua mlango usio wake, akajikuta jikoni. Ilikuwa mchana wa jua kali, wapishi wametolewa nje. Sakafuni, miguu ameinyoosha, ameketi Mtukufu na sufuria kubwa mapajani, anakwangua ukoko wa wali kwa kijiko.

Walitazamana.

"Funga mlango," akasema Mtukufu.

Mshangama akaufunga.

"Ungeufunga ukiwa nje, mjinga wewe. Basi, kaa."

Akakaa. Mtukufu akambandulia kipande. Wakala bila kusema, ukoko ukilia mdomoni kama changarawe. Kisha Mshangama akaona kwamba kile kipande kinene kuliko vyote, cha rangi ya asali, Mtukufu amekiweka kando juu ya kisahani.

"Hicho cha mama," akasema Mtukufu, bila kuulizwa. "Yeye ndiye alikuwa akinikwangulia. Wapishi hawa wanautupa. Mimi nikiuomba watajua ninaupenda." Akakwangua tena. "Na wewe? Una neno gani?"

Hakuna aliyepata kumwuliza Mshangama swali hilo. Ulimi ukamteleza. Akasema kwamba kila asubuhi anamimina chai vikombe viwili. Cha pili kikipoa anakimwagia mpilipili ulio dirishani.

Mtukufu hakucheka.

"Ukisema la kwangu nakunyonga," akasema. "Na mimi nikisema la kwako..." Akafikiri, hakupata adhabu ya kujipa. "Basi, la kwako nitalitunza."

Kesho yake, gwaride lilipopita, Mtukufu alimtazama Mshangama kama unavyotazamwa mlingoti. Lakini tangu siku hiyo Mshangama alilala akijua kwamba yuko mtu mmoja duniani mwenye neno lake.

*

Mtukufu alikufa siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, katikati ya hotuba yake kwa taifa juu ya umuhimu wa kujinyima. Kipande cha nyama ya mbuzi ndicho kilichomkwama.

Waziri wa Sifa, Mheshimiwa Chanzi, mtu mfupi mwenye leso tatu, alitokea mara moja redioni. "Ndugu wananchi," akasema, "msiwasikilize wazushi. Mtukufu hajafa. Amekubali tu, kwa muda, kutokuwa hai."

Bahasha yake ilifunguliwa mbele ya mabalozi. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe tupu, safi kabisa, iliyopigwa mihuri mitatu.

Basi serikali nzima ikapanda mlima. Wananchi walipandishwa nyuma yao kwa malori, na nyuma ya malori akapanda Bi Kidawa na jiko lake, maana penye watu pana njaa. Siku ya kwanza Mheshimiwa Chanzi alisimama mbele ya mlango wa jiwe, akakohoa, akatoa shairi alilokesha akilitunga:

*Ewe simba wa milima, nyota isiyozimika,*
*Jua kwako husimama, likuombe kuondoka,*
*Mito kwako huinama, hadi amri kushuka,*
*Bawabu fungua hima, Mtukufu anatoka!*

Makofi yakapigwa dakika ishirini. Kutoka ndani ya jiwe ikasikika sauti kavu ya mungu mkongwe.

"Simba wa milimani namjua. Hajafa, yuko kule bondeni anakula swala. Mtu wenu ni nani?"

Siku ya pili zilisomwa Sifa Arobaini na Moja, kwa mpangilio. "Hao ni watu arobaini na mmoja," akasema Bawabu, "na hakuna hata mmoja aliyefika hapa." Siku ya tatu Waziri wa Sheria alijitokeza akasema kwamba Mtukufu alipenda haki. Bawabu akacheka. Wazee walisema ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu enzi za mababu, na mawe kadhaa yakaporomoka. Siku ya nne wakaletwa wake zake, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alitazama askari, akatazama mlango, akasema kwamba Mtukufu alikuwa mume mtukufu.

Mshangama alisimama pembeni katika joho lake la kazi. Neno lilikuwa ulimini mwake, tamu kama ukoko wenyewe. Angelisema, mlango ungefunguka. Asingelisema, siku ya saba mtu pekee aliyemjua angeinuka kwenye benchi akaenda zake, na vile vikombe viwili vya chai vingebaki bila shahidi. Tena alijua kwamba mwenye kulisema atanyongwa. Lakini hilo, kwa kweli, halikumsumbua sana. Alijiambia kwamba akinyongwa, pengine Mtukufu atakuja mlangoni mwenyewe, asimame, aseme: huyu alikuwa akimimina vikombe viwili. Mtu mpweke anaweza kuamini mambo mengi.

Siku ya tano alasiri akaenda kupanga foleni ya Bi Kidawa, ambayo sasa ilipinda hadi kwenye malori. Na foleni ilikuwa imebadilika. Zamani maneno yalikuwa yakikaribia Ikulu, yanageuka ghafla kuwa habari za mvua. Leo hayakugeuka.

"Nasikia Bawabu kamwuliza jina," alisema mwashi mmoja, "naye kajibu, 'Simba wa milima.' Kaambiwa simba wapange upande wa wanyama!"

Watu wakacheka. Walicheka kwa mdomo wazi, mama mmoja akashika mbavu, askari mmoja akageuza uso mabega yakimtikisika. Mshangama alikuwa amesimama katika foleni hiyo miaka ishirini na minane, na hakuwahi kusikia kicheko chao. Hakujua kwamba wana kicheko cha aina hiyo. Alipofika mbele alijipapasa, akaomba samahani, akarudi nyuma. Siku hiyo alirudi mara tano.

Na alipokuwa akiteremka kwenda nyumbani na vitumbua vyake viwili, alielewa kwamba akilisema lile neno, Mtukufu atarudi na foleni itanyamaza tena.

*

Siku ya sita Mheshimiwa Chanzi aligundua daftari la wageni wa Ikulu. Katika ukurasa wa miaka ishirini na sita iliyopita, mlinzi mmoja mwaminifu alikuwa ameandika: *Mwitaji, ameingia jikoni, ametoka baada ya nusu saa, ana punje za wali kidevuni.*

Wakamleta mbele ya mlango, mbele ya umati, wakamshikisha kipaza sauti.

"Ndugu Mshangama," akasema Mheshimiwa Chanzi kwa upole wa mtu mwenye askari wengi, "ulikuwa jikoni na Mtukufu?"

"Nilikuwa."

"Ulimwona akifanya jambo?"

"Nilimwona."

Hata mafuta ya Bi Kidawa yalisikika yakichemka.

"Basi sema, ndugu yangu. Taifa linakusikiliza."

Mshangama alimtazama yule mwashi, akamtazama yule mama. Midomo yao ilikuwa imeanza kujifunga, taratibu, kama maduka yanapoona gari la kodi.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Mheshimiwa, chukua lile unalolipenda."

Mahakama ilikaa papo hapo, chini ya mwavuli. Ilimkuta na hatia ya kujua neno juu ya Mtukufu, ambayo adhabu yake ni kunyongwa, na hatia ya kukataa kulisema, ambayo adhabu yake ni kunyongwa pia. Hakimu aliamua adhabu zote mbili zitekelezwe, ya pili iwapo ya kwanza haitatosha.

"Una mtu wa kumpa salamu?" akauliza karani, kalamu mkononi, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi hiyo.

Mshangama alifikiri muda mrefu. Karani akachora mstari.

*

Akanyongwa siku ya saba asubuhi, na baada ya hapo akajikuta mahali penye mwanga wa kijivu na benchi refu la jiwe. Mwisho wa benchi aliketi mtu mnene aliyevaa suti yenye nishani, mikono magotini kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

"Umekuja kuniita?" akauliza Mtukufu.

"Hapana, Mtukufu. Nimekuja kukaa."

Mtukufu akasogea kumpa nafasi, ingawa benchi lilikuwa tupu. Kutoka nje, kupitia jiwe, zilisikika Sifa Arobaini na Moja zikisomwa upya, safari hii kwa kwaya.

"Uliwaambia ile?"

"Sikuwaambia."

"Ungeweza."

"Ningeweza."

"Ungesema, ningerudi." Mtukufu akatafakari, kwa kuwa alikuwa na wakati. "Ningekunyonga, lakini."

"Umeshaninyonga, Mtukufu. Leo asubuhi."

"Hm. Kamba ilikuwa nzuri?"

"Ya serikali. Ilikatika mara mbili."

Mtukufu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayesikia habari za nchi ya mbali. Kwaya ilikuwa imefika sifa ya thelathini.

"Siku ya kwanza nilikuwa nikiwasikiliza," akasema. "Nikawa natazama huku na huku nimwone huyo wanayemwita. Nikadhani kuna mwingine ameingia." Akapapasa jiwe la benchi. "Mama yangu aliketi hapa hapa, siku saba. Sijui kama alikuwa akisikia hotuba."

Mshangama akamsogelea kidogo.

"Ile chai," akasema Mtukufu. "Bado unamimina vikombe viwili?"

Mshangama akamgeukia. Miaka ishirini na sita, na mtu huyu amekumbuka. "Bado," akasema.

"Na mpilipili?"

"Umefika darini."

Mtukufu akatabasamu, tabasamu ambalo halikuwa katika picha yoyote ya ofisini. Wakakaa hivyo, watu wawili wanaojuana, upande usiofaa wa mlango.

Mara kwaya ikakatika. Nje kukawa na zogo, askari wakipiga kelele, kisha sauti ya mwanamke ikawapita wote.

"Hebu niachieni! Mimi nimekufa mara kumi na moja, mtanitisha na nini? Bawabu! Unanisikia, baba?"

"Kidawa," akasema Bawabu. "Leo uko nje."

"Leo niko nje. Nimekuja kumwombea yule bwana mwitaji."

"Mnamjuaje?"

"Huyu hupanga foleni ya vitumbua, na akifika mbele yangu hurudi nyuma. Watu wanasema ni msahaulifu. Si msahaulifu hata kidogo. Mfuko anaoupapasa ndio wenye pesa. Anarudi nyuma ili asikilize watu wakizungumza." Sauti ikashuka. "Miaka yote hiyo nimemwona, wala sikumsemesha, maana kanuni zimekataza. Ila kitumbua chake cha mwisho nilikuwa nikimchagulia chenye ukingo mkavu, kwa sababu alikuwa akila kingo kwanza. Hilo nalo ni la kweli, ukilitaka."

Jiwe likaanza kusogea, na mwanga ukaingia.

Mshangama aliinuka. Mkono mnene ukamshika joho.

"Jua bado," akasema Mtukufu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kwa mara ya kwanza na hajui maneno yanayotumika. "Mwitaji. Ukifika nje, waambie ile ya ukoko. Neno moja tu. Tafadhali."

*

Mheshimiwa Chanzi aliamuru anyongwe tena palepale, kwa ile hukumu ya pili. Lakini karani alifungua jalada, akapekua, akaeleza kwa masikitiko kwamba hukumu ya pili inahitaji sahihi ya Mtukufu. Mheshimiwa akatoa leso ya tatu.

Jua lilikuwa limebaki kiasi cha upana wa kiganja juu ya vilima. Bi Kidawa alimkalisha Mshangama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya jiko lake, hatua kumi kutoka mlangoni.

"Kaa hapo, kaka. Leo huna foleni. Unatetemeka nini?"

"Sijui."

"Wote hutetemeka mara ya kwanza. Ya tatu utazoea."

Watu walikuja wakimtazama. Mwashi akamwuliza habari za nyumbani, akajishika mdomo, kisha akauliza tena. Mshangama alijibu kwamba ni nzuri, kuna kiti kimoja. Wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Naye alikuwa akisikia kitu ambacho wao hawakukisikia, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limezoea mlango ule. Ndani ya jiwe mtu alikuwa akigonga. Hakugonga kama mkuu wa nchi. Aligonga taratibu, akangoja, akagonga tena, kama mtu aliyefika nyumba asiyokuwa na hakika kama ni yake. Hatua kumi. Mshangama hata asingehitaji kuinua sauti. Aliuma kingo za kitumbua akatafuna, jua likashuka nusu, watu wakaendelea kupiga soga na kucheka, kugonga kukaendelea. Machozi yalimtoka, na Bi Kidawa akasema ni moshi, akaligeuza jiko.

Jua likazama. Kugonga kukakoma.

Hapo ndipo Mshangama alipovuta ndoo karibu. Neno sasa halikuwa na kazi yoyote, na aliyelihitaji alikuwa ameshakwenda.

"Bi Kidawa," akasema, "yule bwana alipenda ukoko wa wali. Alikuwa akiukwangua mwenyewe, sakafuni, wapishi wakiwa nje. Kile kipande kizuri kuliko vyote alikuwa akimwekea mama yake."

Mtoto wa kwanza wa Bi Kidawa alikuwa amenyongwa na mtu huyo, na hakuna neno la mtaa lililotosha kumrudisha, kwa kuwa mlima ulikuwa umefungwa na askari siku zote saba. Aligeuza vitumbua vilivyokuwa juu ya chuma, kimoja kimoja, ulimi nje.

Kisha akachukua kile chenye ukingo mkavu, akakiweka peke yake juu ya kisahani, kando. Watu walikula wakamaliza, wakateremka mlima wakizungumza. Kile hakuna aliyekigusa, mpaka kikapoa.